Waifai ifuate vimbweta, si paa la utawala

Wiki iliyopita tulipata waraka kwamba eneo lote la chuo sasa lina waifai ya nje. Kazi yenyewe ni antena chache nyeupe zilizofungwa juu ya paa la jengo la utawala, na vibao vya kutangaza huduma vilivyopigiliwa kwenye miti kuanzia getini hadi hosteli. Jioni ile ile nikapita kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za zege za kusomea nje, nyuma ya hosteli, nikakuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wameizunguka simu moja. Alama ya mtandao imejaa mpaka juu. Ukurasa wa kupakia ripoti ya field (mafunzo kwa vitendo) unazunguka tu. Tuliposalimiana, mwenye simu akaniambia, "Imekonekti, mwalimu, ila haifungui kitu." Mfumo ulikuwa unafungwa saa sita usiku. Mwishowe wakachangishana, wakanunua bando, ripoti ikaenda.

Jambo hili limeniuma, na nitasema kwa nini, kwa sababu nimesikia tayari maelezo kwamba "simu za wanafunzi ni za bei rahisi". Simu hazina kosa. Antena ya juu ya paa ina nguvu, na ikielekezwa vizuri mawimbi yake yanafika mbali sana. Ndiyo maana alama inajaa. Lakini intaneti ni mazungumzo ya pande mbili. Simu ya kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ya takriban sehemu ya kumi ya wati, mara nyingi chini ya hapo, na ikiwa mita mia tatu kutoka kwenye paa, nyuma ya jengo la ghorofa, jibu lake halifiki. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti jukwaani anayemuuliza swali mzee aliyekaa mwisho wa uwanja: mzee amesikia kila neno, ila yeye hasikiki. Ukiongeza nguvu ya antena unaongeza kelele za upande mmoja tu.

Halafu kuna miti. Tunajivunia miembe na mikenge yetu, na mimi ni wa kwanza kujivunia, lakini majani yamejaa maji na maji hunyonya mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4, na yale ya gigahezi 5 yanaumia zaidi. Aliyepima kiangazi akasema pako vizuri, arudi masika miti ikiwa imefunga na majani yanadondosha maji. Na hata mawimbi yakipita, mamia ya watu wanaoning'inia kwenye antena moja wanagawana hewa ile ile kwa zamu.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1993 Alex Hills na wenzake wa Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, walianza kujenga mtandao usio na waya chuoni kwao, miaka minne kabla ya kiwango cha 802.11, ambacho ndicho msingi wa waifai, kutolewa. Kabla ya kufunga vifaa walipima, mahali kwa mahali, na baadaye Hills alishiriki kutengeneza kigari cha kusukuma chenye vyombo vya kupimia, kikipita kinaandika nguvu ya mawimbi mahali kilipo. Kigari cha kusukuma! Hapo hakuna teknolojia ya kututisha. Kuna uamuzi wa mtu kuondoka ofisini na kwenda kusimama pale mtumiaji anaposimama.

Na sisi tunajua watumiaji wetu wanakaa wapi. Wapo kwenye vimbweta, wapo kwenye ngazi za hosteli, wapo kwenye kibaraza cha kafeteria baada ya chakula cha usiku, wapo chini ya taa za barabarani maktaba ikifungwa. Mwanafunzi wa Kitanzania anasomea nje, kwa sababu chumbani wamelala wengi na joto halivumiliki. Madesa yenyewe, yaani notsi za masomo, siku hizi yako kwenye mfumo, asaimenti zinapakiwa kwenye mfumo, matokeo yako kwenye mfumo. Kila kitu tumekihamishia mtandaoni, halafu gharama ya kuufikia mtandao tumemwachia kijana ambaye bumu lake, fedha ya mkopo ya kujikimu, limekata tangu wiki ya kumi. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotangazwa na nchi nzima ikapiga kelele hadi zikasitishwa. Kwa mwanafunzi, bando linashindana na sahani ya wali maharage. Nimewaona wakichagua, na si sahani inayoshinda kila mara.

Kwa hiyo naomba jambo moja: vifaa vishuke kutoka paani. Vifungwe vidogo vidogo, vingi, kwenye nguzo za taa na kuta za kafeteria, urefu wa mita nne au tano, kila kimoja kihudumie vimbweta vyake kwa nguvu ya wastani. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli (njia za mawimbi) tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, kwa hiyo zipangwe kwa kupishana, visije vikapigana vyenyewe. Kebo ya kawaida ya mtandao hubeba data na umeme kwa pamoja hadi mita 100, na majengo yetu mengi hayapo mbali kiasi hicho na vimbweta. Zaidi ya hapo, pelekeni fiba, na umeme uchukuliwe kwenye nguzo ya taa. Fiba ni kioo, haipitishi radi. Kebo ya shaba iliyotandazwa nje bila kinga wala ethi nzuri (waya wa kupeleka umeme ardhini), radi moja ya Novemba inatosha kuua swichi ya mtandao iliyo ndani ya jengo. Na nyaya zote zipite ndani ya bomba la chuma. Tumbili wanaotafuna vyandarua vya madirishani hawatashindwa kutafuna kebo.

Fedha? Nakubali, vifaa vya nje vinavyohimili mvua na vumbi ni ghali kuliko vya ndani, na kuchimba mitaro ni ghali zaidi. Lakini mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, umeshafanya miaka mingi, na fiba imefika hadi chumba chetu cha seva. Hatua zilizobaki ni fupi kuliko zote. Tuanze na vimbweta vya hosteli moja, tupime, ndipo tuendelee.

Watapakua filamu? Wekeni kiwango cha matumizi kwa kila akaunti, iwe imekwisha.

Na tukifunga, tuingie kikamilifu eduroam, huduma ya waifai inayoshirikisha vyuo vya nchi mbalimbali, mwanafunzi wetu akienda Makerere au Nairobi aingie kwa nenosiri lake lile lile. KENET ya Kenya na RENU ya Uganda, mitandao ya vyuo na utafiti ya nchi hizo, wameshawafikisha vijana wao huko.

Kabla ya zabuni ya awamu ya pili kutangazwa, namwomba kila mjumbe wa kamati ya TEHAMA aende vimbweta vya nyuma ya hosteli saa nne usiku, achukue simu ya mwanafunzi, si yake, apakie faili la megabaiti ishirini. Kitakachotokea kiandikwe kwenye zabuni: mkandarasi alipwe pale faili litakapopanda kutoka kwenye kimbweta, na malipo ya mwisho yasubiri kipimo cha masika. Kila nguzo iwe na namba yake na simu ya fundi wa zamu, ili ikifa Ijumaa usiku mwanafunzi ajue ampigie nani, na fundi ajue ni nguzo ipi bila kuzunguka chuo kizima na ngazi begani.