Huyu Livingi Ni Nani?

Baba Mdogo wa Tandika ndiye chanzo cha yote haya, na nayaandika mapema akiwa mzima wa afya ili asije akasema nimemsingizia.

Ukoo wetu asili yake Kaole, kule Bagamoyo, ila wengi tumetapakaa hapa Dar: Mbagala, Tandika, Kigogo, Buguruni, na wachache waliojaliwa wako Tegeta. Kumbukumbu zote za ukoo zilikuwa kwenye kauntabuku moja, na Shangazi wa Mbagala aliihifadhi chini ya godoro. Mchwa wakaipenda. Ilipokuja kufunguliwa, upande wote wa bibi mzaa babu ulikuwa umebaki matundu, na ilibaki kidogo tumwozeshe kijana wetu mmoja shangazi yake. Ndipo wazee wakaamua mambo yaende kisasa, na kazi nikapewa mimi kwa sababu najua kompyuta. Katika ukoo wetu, anayejua kompyuta ni mtu yeyote aliyewahi kugusa king'amuzi kikashika.

Nikapata programu ya bure ya kuchora mti wa ukoo. Unaingiza jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa, wazazi, wake na watoto, kuchora inachora yenyewe. Tena si mchoro wa kubandika ukutani tu. Unaiamuru itoe kurasa kama za tovuti, kila mtu na kisanduku chake, na kila kisanduku ni linki. Ukimbofya babu unaletewa ukurasa wake wenye picha, alikozaliwa, kazi aliyofanya na wake aliooa. Ukimbofya mke unaingia kwa wakwe, na ukizubaa unajikuta Kilwa kwa watu usiowajua. Mchoro unatoka kwa muundo wa SVG, hivyo hata mzee mwenye mtoto wa jicho akiukuza mpaka kisanduku kimoja kijae kioo kizima, maandishi hayafifii. Na vyote vinakaa kwenye folda moja. Unaitia kwenye flashi, mwenzio anafungua faili la index kwa kivinjari chochote alichonacho, hahitaji programu wala bando.

Hilo la bando ndilo lililowalainisha wazee.

Kukusanya habari kulikuwa na vituko vyake. Watoto wa juzi wana vyeti, lakini wazee wetu wanahesabu kwa matukio. Binamu yangu wa Kigogo ndiye aliyetumwa kwa Babu Mkubwa. Akamuuliza, "Babu, ulizaliwa lini?" Babu Mkubwa akajibu, "Wakati wa vita." Binamu akaandika 1914. Mzee alikuwa na maana ya vita ya pili, ile ya Hitler, iliyoanza 1939. Binamu hakuuliza vita gani, na hakuna yeyote kati yetu aliyeshtuka kwamba mtu wa miaka mia na kumi na ushee bado anakwenda soko la Sterio kwa baiskeli na kurudi na fungu la mchicha.

Sasa Baba Mdogo. Alinijia usiku, kavaa koti na hakukuwa na baridi. Akanywa chai, akasifia chapati, akasogeza kiti.

"Mwanangu, mimi nakuunga mkono. Historia haifichwi. Andika kila kitu."

"Nimeandika, Baba."

"Na yule wa Chanika?"

"Yumo. Na watoto wake."

"Vizuri. Ila asionekane."

Heshima ni heshima, nikatafuta. Kwenye dirisha la kutolea kurasa kulikuwa na kijisanduku cha kuweka tiki: ficha walio hai. Programu hizi karibu zote zinacho, na kina sababu ya maana, kwani tarehe ya kuzaliwa ya mtu na jina la mama yake ndivyo matapeli wanavyovitafuta. Yule wa Chanika yuko hai. Nikaweka tiki. Mantiki yangu ilikuwa hiyo, na mpaka leo sijaona ilipopinda.

Tena nilihakiki. Mwanzo picha zilinisumbua, maana programu ilizielekeza kwenye C:\Users ya laptopu yangu, kwa hiyo kwangu zilionekana safi, na kwa binamu vikatokea visanduku vyeupe, ukoo mzima hauna sura. Nikazihamishia ndani ya folda, njia zikasomeka humo humo, mambo yakawa mswano. Nikafungua kurasa nikaanza kubofya kuanzia kwa mzee aliyetoka Kaole, nikashuka kwa wanawe, nikapita kwa wake zao. Majina, picha, miaka, kila kitu kipo. Wote hao walishakufa zamani, lakini hilo halikunipitia kichwani. Nikafunga. Nikaenda Kariakoo kununua flashi, moja kwa kila kaya, na nakala nyingine nikaipandisha mtandaoni, linki nikaitupia grupu la WhatsApp kwa ndugu wa Tanga, Mwanza na Muscat.

Uzinduzi ulifanyika Idi Pili, Mbagala kwa Shangazi. Pilau imeshuka, ukwaju umepoa, mkeka umejaa. Mjukuu mmoja akawahi kuchomeka flashi kwenye runinga. Runinga hizi zinajua picha, video na muziki, ukurasa wa tovuti hazina habari nao, basi ikaokota picha tupu ikaanza kuzipitisha mbio mbio bila majina, marehemu mmoja baada ya mwingine, mpaka Shangazi akaanza kulia. Nikaichomoa, nikaunga laptopu kwa waya, nikafungua index, mti ukajaa kioo. Watu wakapiga vigelegele.

"Nibofye mimi," akasema Shangazi.

Nikambofya marehemu baba yake, ukurasa ukafunguka: jina kamili, picha ya kanzu na koti, kazi yake bandarini. Chini yake, watoto. Living. Living. Living. Living.

Kimya. Shangazi akavaa miwani.

"Huyu Livingi ni nani?"

"Shangazi, hapo ina maana…"

"Baba yangu hakuzaa Livingi. Shuka."

Nikashuka. Living kaoa Living, wamezaa Living watatu. Nikahamia upande wa Buguruni: Living. Nikaenda Tegeta kwa wenye nacho, nako Living, tena huko na mke kaitwa Living.

"Mbona yuko kila nyumba?" akauliza shemeji mmoja. "Huku kaoa, huku kaolewa. Mwanamume au mwanamke?"

Kwenye kona alikuwepo mtani wetu Mnyamwezi, jirani wa Shangazi, asiyekosa pilau ya mtu. Akafuta mikono. "Mimi namjua. Huyo ni Livingstone. Si alipita kwenu Bagamoyo?"

Babu Mkubwa akamkata kauli. Babu Mkubwa historia ya Bagamoyo hachezewi. "Livingstone alifika Bagamoyo maiti. Mwaka 1874. Akina Chuma na Susi walimbeba kutoka bara huko, akapumzishwa misheni, akapakiwa chombo kwenda Unguja. Hakupata nafasi ya kuoa."

"Ndiyo ubaya wenu Wazaramo," mtani akasema. "Hata maiti mnaiozesha."

Ilinichukua muda kupata nafasi ya kusema. Nikaeleza kwamba Living si jina, ni Kiingereza cha aliye hai, na programu imewaficha walio hai kwa usalama wao, waliokufa ndio inaowaonesha. Nilidhani nimetuliza. Shangazi akavua miwani, akanitazama.

"Kwa hiyo nimekupikia pilau, nimekupa picha ya harusi yangu, halafu mpaka nife ndiyo nionekane?"

Hapo kila mtu akawa na lake. Kuna waliotaka wabofywe wao kwanza, labda wao haikuwaficha. Kuna aliyesema ni dharau kwa upande wa mama. Binamu wa Kigogo akaanza kunong'ona kwamba yeye alisema toka mwanzo kauntabuku ilikuwa inatosha.

"Mimi nipo!" Babu Mkubwa akapaza sauti. Kumbe mjukuu alikuwa kashika kipanya anabofya ovyo ovyo, na hapo kwenye runinga alikuwepo mzee mzima, baraghashia kichwani, jina lake herufi kubwa. Katika watu wote waliokaa kwenye ule mkeka, yeye peke yake ndiye aliyeonekana. Akanyanyuka kusogelea kioo. "Mnaona? Mwenye heshima yake kompyuta inamjua."

Nikasoma mstari wa chini ya picha na jasho likanitoka. Kazaliwa 1914. Kisha neno moja, Deceased. Programu ile ina kanuni yake: mtu ambaye hana tarehe ya kufa na kavuka miaka 110, haihangaiki kuuliza, inamhesabu amekwenda. Binamu wa Kigogo, aliyesababisha, ndiye akasoma kwa sauti na kutafsiri.

Mtani akajitupa mkekani. "Jamani mzee wetu! Kafa hata ukwaju hajamaliza! Haziki mtu hapa mpaka nilipwe ubani wangu!" Akalala chali mbele ya runinga, na kwa mila hakuna wa kumwondoa mtani bila kumpa chochote. Babu Mkubwa mwenyewe ndiye aliyempa mia tano ili anyamaze kuhusu kifo chake.

Tungeishia kucheka, ila simu zikaanza. Muscat walikuwa wameifungua ile linki tangu asubuhi. Kule hawakumuuliza mtu. Waliona Babu Mkubwa kaandikwa marehemu kwenye tovuti rasmi ya ukoo, wakaandika Inna lillahi kwenye grupu la upande wao, Tanga wakadaka, Mwanza wakadaka. Shangazi alipokea simu ya mtu analia, akampa Babu Mkubwa aongee naye. Yule wa Muscat aliposikia sauti akakata simu.

Kisha ikaingia M-Pesa kwenye simu ya Shangazi. Rambirambi, shilingi elfu hamsini, kutoka Tanga. Haijakaa vizuri ikaingia ya Mwanza.

"Tuwarudishie," nikashauri.

"Rudisha nini?" akauliza Babu Mkubwa. "Rambirambi hairudishwi, ni mkosi. Na nikifa kweli waambie walishalipa."

Ndugu wa Muscat, alipotulia, akaniandikia nimtumie faili la GEDCOM alirekebishe mwenyewe kwenye programu anayoitumia kule. Ndiyo lugha ambayo programu za ukoo zinapeana habari. Wamormoni wa Marekani waliianzisha mwaka 1984, na toleo la 7.0 lilitoka 2021. Nikalifungua kwa Notepad hapo hapo, ni maandishi matupu, kila mstari unaanza na namba. Nikamtafuta Babu Mkubwa. Chini ya jina lake kulikuwa na mstari mfupi, 1 DEAT Y, maana yake huyu kafa ndiyo, tarehe haijulikani. Nikaufuta kwa kidole kimoja. Mzee akafufuka, nikamwonesha, akauliza kama akifufuka hela inabaki.

Katika kelele zote hizo nilimsahau mtu mmoja. Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo wa Tandika, hakucheka wala hakulalamika. Alikuwa kamnyang'anya mjukuu kipanya, kaketi karibu na laptopu, anabofya taratibu. Nikageuka nikamkuta kwenye tawi la nyumba yake.

Programu inaficha majina, visanduku haifichi.

"Mwanangu," akaniita kwa upole ulionitisha. "Huyu Living wa juu si ndiye baba yako mdogo?"

"Ndiye, Mama."

"Huyu Living wa ubavuni mwake ni mimi. Na hawa wanne ni wanangu, nimewazaa mwenyewe nawajua." Akasogeza mshale upande wa pili wa kisanduku cha mumewe, polepole, ukatulia. "Na Living huyu, mwenye Living watatu chini yake?"

Mkeka mzima ukanyamaza. Hata mtani alinyanyuka kukaa.

Baba Mdogo akasimama. Akakohoa. Akasema wazee wanaotaka majina yafunguliwe wafikiri mara mbili, maana nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023, na mtu hawezi kuanikwa bila ridhaa yake. Alivyoitaja kwa utulivu, ungesema ni wakili. Sijui aliisoma lini. Alimaliza kwa kusema faragha ni haki ya kila mmoja.

"Kaa," Shangazi akamwambia.

Alikaa. Wazee wakapitisha bila kupinga kwamba tiki iondolewe na kila aliye hai aonekane, kuanzia Shangazi. Mama Mdogo hakuchangia. Alinyoosha mkono, akachukua flashi ya kaya ya Tandika, akaifunga kwenye pindo la kanga fundo mbili, akaomba ndoo apeleke vyombo uani.

Baba Mdogo alinifuata nje nikiwa navaa viatu. Alikuwa hana koti safari hii ila jasho lilikuwa lile lile.

"Mwanangu, hizi flashi za Kariakoo. Zina virusi?"

"Hazina, Baba. Nimezisafisha zote."

Akatazama kule uani, akashusha sauti. "Huwezi kutia kimoja?"