Waksi ya maji ya kanauba: tazama kwanza rangi ya gari lako

Kunguru wa Dar es Salaam ndio walionifanya nianze kupaka waksi. Carina yangu nyeusi hulala chini ya mwembe, na miaka miwili ya mwanzo kila kinyesi kilichokaukia juu ya boneti kiliacha kovu. Ukiosha, uchafu unatoka lakini umbo la doa linabaki, kwa sababu rangi yenyewe imeshaliwa. Siku hizi nikiwahi asubuhi nakilowesha, nasubiri kidogo, kinateleza bila kukisugua.

Watu wakiona boneti ile huniuliza waksi gani ni bora, nao wengi wameshashika chupa iliyoandikwa "kanauba asilia 100%". Maandishi hayo yananikera, kwa kuwa yanamfanya mtu alipe zaidi kwa kitu ambacho hakimo ndani ya chupa kwa namna anavyodhani.

Kanauba ni nta ya mti wa jamii moja na minazi na mikindu, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, hasa majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Kiangazi kikiwa kikali, majani yake hujifunika nta ili maji yasipotee. Wakulima huyakata, huyaanika juani, kisha huyapiga mpaka unga wa nta udondoke. Unga huo huyeyushwa, ukachujwa, ukagandishwa kuwa mabonge magumu yanayovunjika kama vigae. Nta ya majani machanga ambayo hayajafunguka ndiyo ya manjano safi, na ndiyo ghali. (Mashamba hayo yana aibu yake pia: zaidi ya mara moja wakaguzi wa serikali ya Brazili wamewakuta wavunaji wakifanyishwa kazi katika hali ya utumwa. Ningefurahi kuona watengenezaji wa waksi wakituandikia kwenye chupa nta yao imevunwa na nani, badala ya ile asilimia mia.)

Sasa chukua bonge hilo ujaribu kulipaka kwenye gari. Halipakiki. Ili liwe maji maji lazima lichanganywe na viyeyusho vya jamii ya mafuta ya taa, au livurugwe na maji kwa msaada wa kemikali nyingine, na mara nyingi huongezwa mafuta ya silikoni ili kitambaa kiteleze. Kwa hiyo ile mia kwa mia inasifia kanauba iliyotiwa, haisemi imetiwa kiasi gani. Kinachotofautisha chupa moja na nyingine ni hivyo vilivyobaki.

Na hapo ndipo waksi za maji zinapogawanyika. Mothers California Gold ya maji, ile inayoitwa ya kusafisha, ina visafishio ndani yake. Inapaka huku inasugua. Meguiar's Gold Class ina kanauba iliyochanganywa na polima (kemikali za jamii ya plastiki), na sifa yake kubwa kwangu ni wepesi wa kufuta. Collinite 845 ni ya viyeyusho. Jina lake la pili, Insulator Wax, linatokana na vikombe vya kuhami umeme, maana kazi yake ya awali ilikuwa huko. Nchi za baridi huganda chupani, watu wakailoweka kwenye maji moto ndipo imiminike. Kwetu Dar tatizo hilo halipo kabisa.

Somo langu kubwa nililipata kwa mjomba wangu. Pikapu yake nyekundu ilikuwa imepauka hadi ikawa na rangi ya pilipili ya kukausha. Nikampakia waksi ninayoipenda, isiyo na kisafishio, ikang'aa siku tatu. "Mpwa wangu, mbona umeniogeshea gari tu?" akaniuliza. Nikarudi na ile ya kusafisha. Kitambaa cheupe kikatoka chekundu, nami nikashtuka nikidhani nimeharibu, kumbe ndiyo dalili: gari lile halikupigwa klia (ile rangi angavu kama kioo) juu ya rangi, kwa hiyo ile ngozi ya juu iliyokufa ilikuwa inatoka na rangi mbichi inajitokeza chini yake. Tulifanya mlango mmoja mmoja tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Mjomba alikuwa akizunguka gari lake kama aliyeletewa jipya kutoka bandarini.

Carina yangu ina klia. Nikiipaka waksi ya kusafisha kila mwezi, kila mara naparua klia kidogo, na klia ikishaisha hakuna chupa itakayoirudisha. Kwa hiyo ya kusafisha naitumia mara moja kwa mwaka tu, na nyakati nyingine zote napaka ile Collinite ya viyeyusho. Ndiyo iliyovumilia zaidi chumvi ya kivuko cha Kigamboni: matone ya mvua yanaendelea kujikusanya kama juu ya jani la gimbi hata baada ya wiki nyingi. Na kama klia yako imeshaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, kama tunavyoona kwenye mapaa ya magari mengi yaliyotoka Japani, weka fedha ya waksi kwa ajili ya fundi rangi.

Kuna wanaoniambia nihamie kwenye waksi za sintetiki. Kwa kudumu zinaishinda kanauba, sibishi. Lakini kwenye gari jeusi sijaona kingine kinacholipatia weusi ule wa kina, kama maji ya kisima kirefu. Nami napenda kazi yenyewe ya kupaka, kwa hiyo kurudia kila baada ya miezi miwili hakunichoshi.

Rafiki mmoja aliniuliza kwa nini nisitumie nta ya nyuki ya Tabora, tumnufaishe mfugaji wetu. Natamani ingewezekana. Ila nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kanauba huvuka 80. Boneti jeusi la saa saba mchana huwezi hata kuliwekea kiganja. Nta laini ikilala hapo inanasa vumbi lote la barabara.

Kosa ninaloliona kila mahali pa kuoshea magari ni kumimina nyingi. Waksi nene haidumu zaidi, inafanya tu ufutaji uwe adhabu. Matone machache kwenye sponji yanatosha mlango mzima. Gari liwe limepoa, liko kivulini, limeoshwa kwa shampuu ya magari, kwani sabuni ya unga huila waksi upesi. Waksi ikishakauka na kuwa kama ukungu, pitisha kidole. Ukiacha njia safi isiyo na michirizi, futa. Epuka plastiki nyeusi za bampa na vioo vya pembeni, maana waksi ikikaukia hapo inabaki nyeupe kama chaki na utaichokonoa kwa mswaki.

Chupa yangu ya mililita 473 ina mwaka wa pili sasa. Imeshapaka Carina, pikapu ya mjomba baada ya kusafishwa, na gari la jirani, na bado imebaki robo.