Sindano ya shetani haijamshona mtu mdomo

Kereng'ende hana mwiba wala sumu. Ndiyo maana nilipokutana na jina lake moja la Kiingereza cha Marekani, "devil's darning needle", nilimhurumia. Maana yake ni sindano ya shetani, ile ya kuzibia matundu ya nguo. Amekosa nini?

Sindano naielewa. Ni ndefu na nene kuliko ya kawaida. Anayeijua shazia hatapata taabu kuiwaza. Zamani soksi ya sufu ikitoboka kisigino haikutupwa. Mama alipitisha uzi huku na huku mpaka tundu likajaa. Mtu aliyezoea kazi hiyo akiona mdudu mwembamba, mkakamavu, akienda na kurudi juu ya bwawa, jina analo tayari mkononi. Tena jike la baadhi ya jamii za kereng'ende hutoboa mashina ya mimea ya majini kwa ncha ya mkiani na kupachika mayai ndani. Aliyembatiza alikuwa na jicho.

Shetani ndiye simkubali. Watoto waliambiwa kwamba wakisema uongo, mdudu huyu atawashona midomo. Wanawake wenye maneno mengi walitishwa vivyo hivyo. Chombo cha kazi ya mama kikageuzwa kitisho cha kumnyamazisha mama mwenyewe! Hilo linaniuma.

Mtaalamu wa lahaja Hans Kurath alichapisha ramani za maneno ya mashariki ya Marekani mwaka 1949, na humo sindano iko kaskazini, pande za New York. Ukishuka Virginia, mdudu yuleyule ni "snake doctor", daktari wa nyoka, kwa imani kwamba huwaunga nyoka waliokatwa. Pwani ya kusini ni "mosquito hawk", mwewe wa mbu. Kwangu hilo ndilo jina la haki: akiwa mchanga majini hula viluwiluwi vya mbu, akipata mabawa huwakamata mbu wenyewe hewani.

Wataalamu wa wadudu wamebaki na "darner" tu, mzibaji matundu, shetani wakamwacha nje. Mwaka 1997 jimbo la Washington lilimtangaza "green darner", kereng'ende wa kijani, kuwa mdudu wake rasmi. Wazo lilitoka kwa wanafunzi wa shule ya msingi mjini Kent, na wenzao wa jimboni wakampigia kura. Nimefurahi mno kwamba waliomtetea ni watoto, walewale waliokuwa wakitishwa naye.