Aliyeanza na utitiri asizuiwe kufika kwenye maji

Wanaikolojia wetu wakiomba kazi, ruzuku ya utafiti au kupandishwa cheo, huulizwa swali moja: wewe hasa ni mtaalamu wa nini? Anayejibu "utitiri wa mimea", yaani vijidudu vidogo mno vya majanini, anaeleweka mara moja. Anayejibu "magugu maji" naye anaeleweka. Lakini yule aliyeandika tasnifu kuhusu utitiri, akahamia kwenye maji, na leo anaandika kuhusu kuhimili mabadiliko ya tabianchi, huyo hutiliwa shaka. Wanasema hana msimamo. Wanasema anafuata fedha za wafadhili ziliko. Mimi naamini huyo ndiye tunayemhitaji kuliko wote, na sababu zangu ziko shambani, kwenye muhogo.

Mwaka 1971, karibu na Kampala, mihogo ilianza kuonyesha dalili ambazo wakulima hawakuzizoea. Majani machanga yalijaa vidoa vya manjano, yakadumaa, yakapukutika kuanzia juu, mwisho kilele kikabaki kijiti kitupu. Zerubabel Nyiira wa kituo cha utafiti cha Kawanda alitoa taarifa ya uchunguzi wake mwaka uliofuata. Mhusika alikuwa utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, kiumbe wa miguu minane, ndugu wa buibui na kupe, ambaye hafiki hata nusu milimita. Kwao ni Amerika ya Kusini, kulikotoka muhogo wenyewe. Muhogo uliletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Utitiri ulichelewa karne nne, na ulipofika haukukuta hata mmoja wa maadui wake wa nyumbani. Ulisafiri kwa upepo na kwa pingili ambazo watu hupeana kwa wema, na haikupita miaka ishirini ukawa umeenea katika nchi zaidi ya 20 zinazolima muhogo.

Kupiga dawa hakukuwa jibu. Anayelima muhogo kwa kawaida hana fedha ya dawa, na hata angekuwa nayo, majani yale ni mboga. Kisamvu unachotaka kukitwanga leo mchana huwezi kukipulizia sumu jana yake jioni. Tena dawa nyingi huwamaliza kwanza wale wanaokula utitiri, kisha utitiri wenyewe unarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Basi ikabidi watafutwe maadui wa asili huko huko ulikotoka. Njia hii ilikwisha kuonyesha matunda: Hans Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walileta nyigu mdogo kutoka Paraguay aliyewadhibiti vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu wa muhogo, katika sehemu kubwa ya Afrika, kazi iliyompa Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwa utitiri mambo hayakwenda hivyo, na hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Kati ya 1984 na 1988 zaidi ya utitiri milioni 5 wa aina saba zinazowinda utitiri wenzao uliletwa kutoka Colombia na kuachiwa katika mashamba ya nchi kadhaa za Afrika. Hakuna aina hata moja iliyodumu. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa watu waliokuwa wamesomea viumbe hawa maisha yao yote. Walijua kuwalea, kuwahesabu, kuwatofautisha kwa vinyweleo vya mgongoni chini ya hadubini. Elimu yao ya utitiri ilikuwa timamu, na bado haikutosha.

Kilichobadilisha mambo ni kutazama mvua. Watafiti walianza kulinganisha hali ya hewa ya maeneo ya muhogo ya Afrika na ile ya Amerika ya Kusini: kiangazi huchukua miezi mingapi, joto hufika wapi, unyevu wa hewa hushuka kiasi gani. Ramani ziliwaelekeza kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi yenye kiangazi kikali. Huko walipata aina zilizozoea njaa na ukavu. Mojawapo, Typhlodromalus aripo, iliachiwa Benin mwaka 1993. Hiyo ilishika. Ikatembea yenyewe kutoka shamba hadi shamba, ikapelekwa nchi nyingine, hizi zetu za Afrika Mashariki zikiwemo, na mashamba ambayo imekaa vizuri mavuno ya mizizi yalipanda.

Ukitaka kuuona utitiri huu mwindaji, nenda kwenye mmea wa muhogo asubuhi, shika kile kilele cha juu kabisa ambapo majani machanga bado yamejikunja, ukifungue taratibu kwa kucha juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vitakavyotembea haraka haraka ndivyo hivyo. Mchana hujificha mle ndani kwenye unyevu, usiku hutoka kwenda kuwinda majanini. Utitiri wa kijani ukipungua, mwindaji huyu hafi njaa, kwa maana anaweza kuishi kwa utomvu wa mmea na hata chavua ya mahindi inayoangukia majani. Na hupenda mihogo yenye vinyweleo kileleni. Muhogo wenye kilele kipara hauupi mahali pa kujificha, na ni vigumu kuukuta humo.

Sasa tulete suala la tabianchi. Muhogo unasifiwa kila mahali kuwa zao la kuhimili ukame, na sifa hiyo ni ya kweli. Jua likizidi, mmea hufunga vinyweo vyake, yaani vitundu vya hewa vya majanini, hupunguza majani, hungoja. Ndiyo maana serikali na mashirika wanauhimiza pale mahindi yanaposhindwa. Lakini utitiri wa kijani nao ni kiumbe wa kiangazi. Mvua kubwa huuosha majanini na kuuangusha chini. Mvua isipokuja hakuna cha kuuosha. Joto likipanda, safari ya kutoka yai hadi utitiri mzima hufupika, na vizazi vinapandana. Wakati huo huo rafiki yetu wa kileleni anaumia, kwa sababu kilele cha mmea wenye kiu husinyaa, na mayai ya utitiri wa jamii yake hukauka hewa ikikosa unyevu. Kwa hiyo ukame uleule unaotufanya tukimbilie muhogo unamwezesha adui na kumdhoofisha mlinzi.

Nani atamwambia mkulima hivyo? Mtaalamu wa hali ya hewa anaona milimita za mvua. Mtaalamu wa utitiri, akibanwa abaki kwenye utitiri wake, anaona jani. Anayeweza kuona vyote viwili ni yule aliyeanza na jani, akalazimika kufuata maji mpaka kwenye mawingu.

Mtu anaweza kuniambia muhogo ni bahati tu. Basi tutazame Ziwa Victoria. Magugu maji, nayo kutoka Amerika ya Kusini, yalijaza ghuba zake miaka ya 1990. Kufikia 1998 Ghuba ya Winam upande wa Kisumu ilikuwa imefunikwa zaidi ya hekta 17,000. Wavuvi hawatoki, meli hazitii nanga. Uganda, Kenya na Tanzania ziliachia fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wanaokula majani na vikonyo vya magugu hayo. Baada ya muda mfupi magugu yakaporomoka. Ilionekana kama ushindi safi wa mdudu. Lakini ni kipindi hichohicho mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoinua ziwa, zikakoroga maji, zikapunguza mwanga na kuyang'oa magugu kwa mawimbi. Wataalamu wamebishana kwa miaka ni nani aliyefanya kazi zaidi, fukusi au mvua. Maoni yangu ni kwamba vilisaidiana: mmea uliotafunwa hauwezi kustahimili mawimbi kama mmea mzima. Na mwaka 2007, baada ya mvua kubwa kufuata ukame, magugu yakarudi Winam yakilishwa na mbolea na maji taka yanayoshuka kutoka mashambani na mijini. Aliyejua wadudu peke yao hakuweza kulieleza hilo. Aliyejua maji peke yake pia hakuweza.

Tena, miongoni mwa maadui wa magugu maji yumo utitiri, Orthogalumna terebrantis, unaochimba vijia ndani ya jani linaloelea. Uliachiwa Zambia miaka ya 1970. Nautaja kwa sababu kuna watu huona kutoka utitiri kwenda maji ni kuruka mto usio na daraja. Katika maumbile, utitiri upo tayari juu ya maji.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu. Elimu ya viumbe wadogo inataka subira ya miaka. Kutambua aina moja ya utitiri na kuitofautisha na ndugu zake ni kazi ya watu wachache sana Afrika Mashariki, na tukiwahamisha wote kwenda kuandika ripoti za tabianchi, nani atabaki kwenye hadubini? Hatari hiyo ipo kweli. Nimesoma ripoti za kuhimili tabianchi ambazo hazina kiumbe hata mmoja aliyetajwa kwa jina, zimejaa maneno makubwa matupu. Lakini dawa yake ni kumlipa mtaalamu wa hadubini vizuri na kumpa vijana wa kumrithi. Kumfungia kwenye hadubini mtu ambaye swali lake mwenyewe limemtoa nje si dawa.

Pale icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, kuna mfano ninaoupenda. Zeyaur Khan na wenzake huko Mbita, pembeni mwa Ziwa Victoria, walianza na bungua wa mahindi, kiwavi anayetoboa mabua. Wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kumfukuza bungua na matete pembeni kumvuta. Wakiwa shambani wakagundua desmodiamu inazuia pia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Ukame ulipozidi kuwasumbua wakulima, mimea yenyewe ikabadilishwa: ikaja desmodiamu inayostahimili ukavu zaidi, na nyasi ya brakiaria ikachukua nafasi ya matete. Mdudu, gugu, kisha ukame, watafiti walewale, shamba lilelile. Kama wangeambiwa wabaki kwenye bungua, mkulima wa Siaya au wa Mara angekuwa na mimea inayokauka kila jua linapokaza.

Ninachoomba si kikubwa. Jopo linalopima kazi ya mtafiti lisome maswali yake kabla ya kuhesabu nyanja zake. Ruzuku za miaka mitatu zinazodai "eneo moja la utaalamu" zimruhusu mtu wa utitiri aweke kipimo cha unyevu shambani bila kuonekana ametoka nje ya mstari. Takwimu za mvua za mamlaka za hali ya hewa zifunguliwe kwa anayehesabu utitiri kwenye majani, ili hesabu mbili ziwekwe pamoja, wiki kwa wiki, kiangazi kizima. Na vituo vyetu vinapochagua aina mpya za mihogo ya kuhimili ukame, jedwali la tathmini likiwa na safu za uzito wa mizizi, wanga na ugonjwa wa batobato, liongezwe safu moja inayosema kilele cha mmea huo kina vinyweleo au ni kipara.