Wanafunzi Wanaposema Profesa Hasomeshi

Kwa mihula miwili mfululizo nimekuwa mmoja wa watu watatu walioombwa kuzisoma fomu za tathmini ambazo wanafunzi wa shahada ya kwanza huzijaza kabla ya kuingia katika mitihani ya mwisho, kwenye chuo kimoja hapa Unguja ambacho sitakitaja. Fomu yenyewe ni karatasi moja: mbele kuna maswali yanayojibiwa kwa alama ya 1 hadi 5, na nyuma kuna mistari michache ya kuandika maoni kwa mkono. Zilizonishughulisha kuliko zote ni zile zinazomhusu profesa mmoja wa sayansi ya viumbe hai, mwanamama aliyekaribia umri wa kustaafu, ambaye anasomesha kozi mbili: jenetiki, yaani elimu ya urithi, kwa mwaka wa pili na ikolojia ya pwani kwa mwaka wa tatu. Katika ikolojia anasifiwa hadi msomaji anaona haya. Katika jenetiki wanafunzi wake, tena wengi, wameandika kwa maneno tofauti jambo moja, kwamba profesa huyu hasomeshi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozusha ubishi katika idara. Wako walioshikilia kwamba mwanafunzi ndiye anayelipa ada, au anayedaiwa na Bodi ya Mikopo, na ndiye atakayedisko, yaani kuondolewa chuoni, akifeli, kwa hiyo kauli yake iwe na uzito pale chuo kinapoamua kuongeza mkataba wa mhadhiri au kutouongeza. Wako pia walioona kwamba kumtaka mwanafunzi ampime profesa ni sawa na kumtaka mgonjwa ampime daktari kwa uchungu wa sindano. Mimi sikuweza kukaa upande wowote kwa raha, kwa sababu kila nilipozirudia fomu niliona kwamba zimechanganya mambo mawili yasiyofanana: yale ambayo mwanafunzi ameyashuhudia mwenyewe darasani, na yale anayoyakisia kuhusu nini alichojifunza na kwa nini. Kwa yale ya kwanza hakuna shahidi aliye bora kuliko yeye. Kwa haya ya pili ni shahidi wa mashaka, na hilo halimvunjii heshima, kwani hata sisi tulipokuwa na umri wake tulikuwa hivyo hivyo.

Chukua lalamiko lililojirudia zaidi katika fomu za jenetiki, kwamba maswali ya jaribio la kwanza hayakutoka kwenye slaidi. Nililiomba jaribio lenyewe nikalisoma. Swali lililowachoma wengi lilihusu mume na mke ambao wote wawili wamebeba jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu unaompata aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, bila ya wao kuumwa. Wamepata watoto watatu, wote wazima. Je, kuna uwezekano gani mtoto wa nne azaliwe na ugonjwa? Wanafunzi wengi walijibu kwamba wa nne hana budi kuugua. Walikuwa wamekariri kuwa mmoja kati ya wanne huzaliwa na selimundu, wakahesabu kwamba, maadamu watatu wameshapona, deni limebaki kwa huyu wa mwisho. Jibu sahihi ni robo ile ile, asilimia 25, kwa sababu kila mimba huanza hesabu yake upya na haijui yaliyompata ndugu yake aliyetangulia.

Wanafunzi hawakusema uongo. Slaidi zilikuwa na ule mraba wenye vyumba vinne unaoonyesha jeni za wazazi zinavyokutana, na mfano wa watoto watatu wazima haukuwemo. Lakini profesa naye alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza, kwa kuwa anayeweza kuujaza mraba na asiweze kulijibu swali lile bado hajaelewa mraba unasema nini. Na jambo lenyewe si la mchezo kwetu. Kubeba jeni moja ya selimundu humpunguzia mtu hatari ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo ikaenea katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, visiwa vyetu vikiwemo. Mhitimu wa kozi hii huenda kesho akawa mwalimu wa sekondari au mtumishi wa kituo cha afya Micheweni, na mama mwenye watoto watatu wazima akamuuliza swali hilo hilo, bila ya slaidi.

Hata hivyo nilipozisoma fomu kwa utulivu zaidi niliona kwamba chini ya lalamiko la slaidi kulikuwa na jengine, limeandikwa na wanafunzi wachache tu, tena kwa ufupi, kwamba hawakupewa zoezi hata moja la namna hiyo kabla ya jaribio. Hili ni la kushuhudiwa, wala halina ukisiaji ndani yake: zoezi lilitolewa au halikutolewa. Profesa alipoulizwa alikiri kwamba mazoezi yalikuja baada ya jaribio, kwa sababu mihadhara miwili ilianguka siku za mapumziko. Kwa hiyo wanafunzi walikosea katika jambo walilolipigia kelele, na walipatia katika jambo walilolisema kwa sauti ya chini. Lau tungetazama wastani wa alama peke yake, tusingeliona hili wala lile.

Kuna na madesa. Katika dakhalia zetu, kama ilivyo kwa vyuo vingi vya nchi hii, maswali ya miaka iliyopita hurithishwa kutoka kwa waliotangulia, na kozi nyingi zina mhadhiri anayerudia maswali yake kila mwaka bila ya kubadilisha hata majina ya watu waliomo. Profesa huyu hubadilisha. Sina shaka kwamba sehemu ya alama za chini alizopata ni adhabu ya kuyafanya madesa yasiwe na kazi, na wala sioni kwa nini aombe radhi kwa hilo.

Nikija kwenye ikolojia ya pwani, sifa nazo zinahitaji kupekuliwa kama tulivyoyapekua malalamiko, jambo ambalo idara haikulifanya kwa sababu hakuna anayezichunguza pongezi. Sehemu kubwa ya kozi hiyo hufanyika nje, na safari inayotajwa katika karibu kila fomu ni ile ya mikoko ya ghuba ya Chwaka. Niliwahi kufuatana nao. Maji yalikuwa yametoka, tope limefika kwenye vifundo vya miguu, na profesa akamwita msichana mmoja wa Pemba aliyekuwa amekaa kimya tangu tulipoteremka garini, akamwambia awaoneshe wenzake miti. Msichana akaanza: huu mkoko, husimama kwa miguu yake, ule mchu, mizizi yake huchomoza kwenye tope kama penseli, mlilana ule kule mbele unaokaribia maji. Halafu akachuma jani la mchu, akalilamba, akawapa wengine walilambe nao, wakaionja chumvi ambayo mti unaitoa kupitia majani yake. Profesa alichofanya baada ya hapo ni kuuliza kwa nini mti ulihitaji kuitoa, na kwa nini mkoko hautoi kwa njia hiyo, na darasa likachangamka.

Ni usomeshaji mzuri, sikatai. Lakini wanafunzi wale walikuja na nusu ya kozi mifukoni mwao. Wamekulia pwani, miti wanaijua kwa majina, na mama zao wengine wanalima mwani, wanajua vizuri jinsi maji ya moto yanavyolirudisha nyuma zao hilo. Kozi iliyoanzia pale walipo lazima iwe tamu. Jenetiki haianzii popote walipo. Inaanza na kitu kisichoonekana, kwa lugha ya Kiingereza, na majina ambayo hayana jamaa kijijini. Kumlinganisha profesa na nafsi yake katika kozi hizi mbili, kisha ukasema huku anajitahidi na huku anazembea, ni kuonea. Na katika rundo lote la fomu za ikolojia zilizojaa shukrani, fomu moja tu ilisema kwamba ripoti za Chwaka zilirudishwa na alama peke yake, bila ya neno hata moja la kueleza kilichokosewa. Nimeiona ripoti moja, ni kweli. Fomu hiyo moja ilikuwa na faida kwangu kuliko zote zilizoandika kwamba maalim yuko vizuri.

Wenye kutetea kauli ya wanafunzi wana hoja moja nzito ambayo wapinzani wao huipita haraka: hakuna mtu mwengine anayekaa darasani. Wahadhiri wenzake profesa hawaingii kumsikiliza, mkuu wa idara haingii, na wanaokuja kukagua ubora huangalia mafaili. Mhadhiri akichelewa kila wiki, akirudisha jaribio siku moja kabla ya mtihani, au akisoma slaidi neno kwa neno huku amewapa mgongo, wanaojua ni wanafunzi pekee. Ukiwanyima sauti, umemwachia huru mzembe. Nimewasikia wahadhiri wakilalamika juu ya fomu hizi ambao, kwa maoni yangu, wana sababu njema ya kuziogopa.

Upande wa pili nao una ushahidi ambao si wa barazani. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, mahali ambapo wanafunzi hugawiwa kwa walimu bila ya wao kuchagua na wote hufanya mtihani mmoja, hivyo kulinganisha ni rahisi. Wale waliosomeshwa hesabu na walimu waliopewa alama za juu na wanafunzi walifanya vizuri zaidi katika kozi ile ile, lakini walipofika kwenye kozi za juu zilizofuata walifanya vibaya kuliko wenzao waliokuwa na walimu wasiopendwa sana. Kwa maneno mengine, walichokipenda kiliwasaidia kwenye mtihani wa karibu na kikawaangusha mbele ya safari. Nao mfano wa New York wa 2022 unajulikana: katika darasa la kemia la watu 350 kwenye New York University, wanafunzi 82 walitia saini barua ya kulalamikia kozi ya Maitland Jones, profesa mwenye umri wa miaka 84, na chuo kikausitisha mkataba wake. Barua ile haikuomba afukuzwe. Iliomba wanafunzi wasikilizwe, na uongozi ukaona rahisi zaidi kumwondoa mtu kuliko kuichunguza kozi.

Kwetu kuna na haya mengine ambayo utafiti wa Marekani hauwezi kutusaidia. Mtoto wa Kizanzibari amelelewa katika chuo cha Kurani kwa maalim, na maalim hatiwi alama. Ndiyo maana fomu nyingi upande wa nyuma ni tupu, au zina dua na shukrani, na anayeamua kuandika aghalabu ni aliyekasirika kiasi cha kuvuka haya zake. Isitoshe kisiwa ni kidogo. Fomu haina jina, lakini darasa la watu kumi na wanane lenye hati za mkono zinazojulikana si siri hata kidogo, na mwanafunzi anaweza kukuta kuwa profesa ni jirani wa shangazi yake Kikwajuni. Nimegundua pia kwamba profesa huyu anaitwa mkali kwa lawama, wakati mhadhiri mmoja wa kiume katika idara hiyo hiyo, ambaye ni mkali kuliko yeye, anaandikwa kuwa ana msimamo.

Lugha ya fomu nayo inachangia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka sayansi na hisabati zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na hata hivyo maoni yote yaliyonifaa yaliandikwa kwa Kiswahili, kwenye fomu iliyouliza kwa Kiingereza. Wanaoandika kwa Kiingereza wanaandika kwamba kozi ni nzuri au mbaya. Wanaoandika kwa Kiswahili wanaandika siku, saa na kilichotokea.

Na kuna slaidi za aina nyengine, zile za kioo. Wanafunzi wa jenetiki waliandika kwamba profesa hafanyi vitendo. Nilikwenda maabara nikakuta hadubini tano zinazofanya kazi, na seli za mizizi ya kitunguu zikisubiri kuangaliwa na darasa zima katika saa mbili. Kila mmoja alipata dakika chache, aliyevaa miwani akatumia nusu yake kutafuta mwanga, na waliobaki nyuma ya foleni walichora walichokiona kwenye daftari la mwenzao. Hili limeandikwa katika faili la profesa kama kasoro ya usomeshaji wake, na humo limebaki.

Tulichopendekeza kwa idara ni kwamba wastani wa alama usiingie katika uamuzi wa mkataba, maoni ya kushuhudiwa yalinganishwe na ratiba na daftari la maabara, wanaosoma kozi ya juu waulizwe juu ya kozi ya chini baada ya mwaka, na fomu itafsiriwe. La tafsiri wamelikubali. Profesa kwa upande wake alikataa katakata kulainisha maswali, akakubali kuhusu mazoezi, na muhula huu ametoa manne kabla ya jaribio la kwanza. Fomu mpya zimeshakusanywa, za Kiswahili safari hii. Lalamiko linaloongoza katika jenetiki ni kwamba mazoezi yamezidi. La pili ni hadubini, ambazo bado ni tano.