Usiiguse anwani ya ukurasa isiyo na kosa

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi ya tovuti nililifanya siku nikiwa na furaha. Nilikuwa nimemaliza kuipamba upya tovuti yangu ya mafunzo ya kupiga picha: maandishi mapya, rangi mpya, menyu inayofunguka kwa madaha. Nikazitazama anwani za kurasa, nikaona zinanitia aibu. Kila moja ilikuwa na mwaka na mwezi katikati, mfano /2014/03/picha-za-usiku. Nikajiuliza, hizi tarehe za nini? Nikaingia kwenye mipangilio, nikabofya mara mbili, tarehe zikatoweka kwenye kurasa zaidi ya mia tatu. Zile anwani za zamani nikazielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo, nikalala usingizi mnono.

Wiki tatu baadaye mstari wa grafu ya wasomaji wanaotoka kwenye utafutaji ulikuwa umeporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Makala ya picha za usiku, iliyokaa juu kwa miaka, sikuiona hata kwenye ukurasa wa tatu wa matokeo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ndani ya makala yenyewe sikuwa nimebadilisha hata nukta.

Sisi tunaoandika tunaona makala, lakini injini ya utafutaji inaona anwani. Kwake URL, yaani hiyo anwani, ndiyo utambulisho wa ukurasa. Ikibadilika herufi moja, huo ni ukurasa mwingine mpaka uthibitishe vinginevyo. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, wazo lao la PageRank, yaani kipimo cha uzito wa ukurasa, lilisimama juu ya jambo hilo: kiungo kutoka tovuti nyingine ni kama kura, na kura hiyo hupigiwa anwani. Hesabu za leo zina mambo mengi kuliko viungo, lakini kura bado zinahesabiwa. Mimi nilikuwa nimekusanya kura za miaka mingi kwa jina moja, kisha nikaenda kugombea kwa jina jingine bila kumwambia msimamizi wa uchaguzi.

Kwa hiyo msimamo wangu siku hizi ni wa kihafidhina, na wabunifu wa tovuti hawaupendi: anwani ikishachapishwa, iache. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti wenyewe, aliliandika hili mwaka huohuo wa 1998, kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Tumekuwa na zaidi ya robo karne ya kumsikiliza. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuwa zikifunguka tena miaka kumi baadaye. Kurasa nyingine zilikufa kwa haki, wenyewe walichoka. Lakini sina shaka kwamba nyingine zipo mahali fulani, nzima kabisa, chini ya anwani ambayo hakuna aliyeambiwa.

Sababu za kweli za kubadilisha anwani zipo, ila ni chache. Umebadilisha jina la kikoa, yaani jina kuu la tovuti. Umehamia HTTPS, yaani muunganisho salama uliosimbwa, jambo ambalo Google ilianza kulihesabu katika upangaji wa matokeo mwaka 2014. Umeunganisha tovuti mbili kuwa moja. Au mfumo wako wa zamani ulikuwa ukizalisha anwani tano tofauti kwa ukurasa mmoja. Nje ya hapo, sababu nyingi ninazoletewa ni za urembo: tarehe zinaonekana za kizamani, bosi anataka maneno ya utafutaji yaingizwe kwenye anwani, fundi mpya amezoea mpangilio wake. Hilo la maneno ya utafutaji ndilo linalonichosha. Google wenyewe wamerudia kusema kwamba uzito wa maneno yaliyomo ndani ya URL ni mdogo sana. Kwa ukurasa mpya, chagua anwani fupi inayosomeka, tenganisha maneno kwa vistari, basi. Kwa ukurasa wa zamani unaofanya vizuri, unabadilisha dhahabu uliyonayo kwa shaba inayong'aa.

Sasa tuseme lazima uhame. Chombo chako ni uelekezaji, ambao mafundi wengi huuita tu ridairekti. Mtu anaomba anwani ya zamani, seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inajibu kwa namba na kumtajia anwani mpya. Namba 301 inasema ukurasa umehama kwa kudumu, na 302 inasema umehama kwa muda. Kuna ndugu zao wa baadaye, 308 na 307, wanaofanya kazi zilezile isipokuwa hawaruhusu kivinjari kubadilisha namna ya ombi, jambo linalohusu zaidi fomu kuliko makala. Ukihama kwa kudumu tumia 301 au 308. Google huzichukua hizo kama ishara yenye nguvu kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyeshwa; 302 huichukua kama ishara dhaifu, ikiendelea kuitazama ile ya zamani kwa muda.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba kila uelekezaji hula sehemu ya nguvu ya kiungo, na asilimia 15 ilitajwa kama kitu kilichoandikwa kwenye jiwe. Mwaka 2016 Gary Illyes wa Google alitamka hadharani kwamba uelekezaji wa aina hizi haupotezi tena PageRank. Wengi walishangilia, na nadhani walishangilia kupita kiasi. Kauli ile inahusu uelekezaji uliofanywa vizuri, kutoka ukurasa mmoja hadi ukurasa wenye maudhui yaleyale. Haikusema kwamba unaweza kutupa kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo, kama nilivyofanya mimi.

Hebu nikae kidogo kwenye kosa hilo, maana naliona kila mahali. Mtu ametafuta namna ya kupiga picha usiku, amebofya, ametua kwenye ukurasa wa mwanzo wenye salamu na picha kubwa ya kamera. Anafanya nini? Anarudi alikotoka. Roboti ya Google, yaani programu inayozipitia kurasa, nayo inaona vivyo hivyo: anwani mia tatu za mambo tofauti zimemiminwa kwenye ukurasa mmoja usiojibu lolote kati ya hayo. Google huzihesabu anwani za namna hiyo kama 404 (jibu la seva kwamba ukurasa haupo) iliyojificha, yaani ukurasa usiokuwepo unaojifanya upo. Kura zote zilizokuwa zimepigiwa makala zile hazikuhamia ukurasa wa mwanzo. Ziliyeyuka. Afadhali ningeacha 404 ya wazi, ambayo angalau haimdanganyi mtu. Na kama kweli umefuta makala na hakuna inayofanana nayo, 404 au 410 (ukurasa umeondolewa kabisa) ndilo jibu la haki. Si aibu ukurasa kufa.

Kazi yenyewe ya kuhama ni ya kuchosha, na ndiyo maana watu huikwepa. Fungua jedwali lenye safu mbili: anwani ya zamani, anwani mpya. Kila mstari ukurasa mmoja. Ugumu uko kwenye safu ya kwanza, kwa sababu hakuna anayekumbuka kila anwani aliyowahi kuichapisha. Mimi nilianza na ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zake, nikadhani nimemaliza. Kisha nikafungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, nikakuta anwani ambazo ramani haikuwa nazo. Kisha kumbukumbu za seva, zilizonionyesha watu wakiomba kurasa nilizozifuta zamani. Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, nayo ikanikumbusha sehemu nzima ya tovuti niliyoisahau. Jedwali hili litengenezwe kabla ya kuhama. Ukilitengeneza baada ya kuhama, unalitengeneza kwa kutonesha kidonda.

Halafu kuna kitu ambacho mpiga picha ndiye angepaswa kukijua wa kwanza: mafaili ya picha nayo yana anwani. Nilishughulika na makala, nikasahau kwamba sehemu kubwa ya wageni wangu walikuwa wakiingia kupitia utafutaji wa picha. Folda ya picha nilikuwa nimeibadilisha jina pia, bila kuelekeza hata faili moja. Hilo nililigundua miezi miwili baadaye.

Jambo jingine ni minyororo. Ukurasa A ulielekezwa B ulipohama mara ya kwanza, B ukaelekezwa C uliponunua kikoa kipya, C ukaelekezwa D ulipoondoa www. Kila mhamaji aliongeza pingu yake bila kugusa iliyotangulia. Roboti ya Google hufuata hadi hatua 10 kisha huacha, lakini usisubiri kufika huko, kwa kuwa kila hatua ni safari nyingine ya kwenda kwenye seva na kurudi, na mtu mwenye mtandao dhaifu anaihesabu kwa sekunde. Kila unapoongeza uelekezaji, rudi kwenye mistari ya zamani uifanye yote ielekee mwisho wa safari: A hadi D, B hadi D, C hadi D. Na viungo vilivyo ndani ya tovuti yako mwenyewe visipite kwenye uelekezaji kabisa. Virekebishe vielekee moja kwa moja kwenye anwani mpya.

Mitego midogo nitaipitia haraka. Anwani yenye mkwaju (/) mwishoni na isiyo nao ni anwani mbili, chagua moja. Herufi kubwa na ndogo kwenye njia ya ukurasa ni vitu viwili pia. Lebo ya kanonikali, inayotaja anwani rasmi ya ukurasa na iliyoletwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya Google, Yahoo na Microsoft, isiendelee kutaja anwani ya zamani baada ya kuhama, maana utakuwa unasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Usizizuie anwani za zamani kwenye faili la robots.txt, linaloiambia roboti isipite wapi: roboti isiyoruhusiwa kubisha mlango haiwezi kuona tangazo kwamba umehama. Hilo la mwisho nimelikuta kwenye tovuti za watu wenye akili kuliko mimi.

Watu huuliza uelekezaji ukae muda gani. Google wanashauri angalau mwaka mmoja. Search Console ina chombo cha kuwaarifu kuhusu mabadiliko ya anwani, ambacho ni cha kuhama kikoa tu, si cha kubadilisha njia za kurasa ndani ya kikoa kilekile. Arifa yake hufanya kazi kwa siku 180. Mimi nasema uache milele. Mstari mmoja kwenye faili la seva haukuli kitu, na viungo vilivyoandikwa kwenye tovuti za watu wengine havina tarehe ya kuisha. Ukiacha kulipia kikoa cha zamani, mwingine atakinunua, na kura zako zitakuwa zinamwelekea yeye.

Uvumilivu nao unahitajika. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, nafasi zitayumba. Tovuti ya ukubwa wa kati huchukua wiki kadhaa kabla roboti haijapita kwenye kurasa nyingi na kuzihamisha. Nimewaona watu wakihama Jumatatu na kughairi Ijumaa, wakamwachia Google tovuti inayokwenda mbele na nyuma kama mlevi.

Mimi mwenyewe nilighairi, lakini hesabu yangu ilikuwa tofauti. Anwani mpya hazikuwa na umri wala kura, na sababu ya kuzitengeneza ilikuwa urembo tu. Nikarudisha tarehe zote. Zile anwani za wiki tatu zisizo na tarehe nikazielekeza kwa 301, moja moja, kwenye makala zake. Nikafungua /2014/03/picha-za-usiku kuhakikisha. Ikanitupa ukurasa wa mwanzo. Nikakagua seva, iko sawa. Nikafungua tena, ukurasa wa mwanzo tena.

Ilinichukua jioni nzima kuelewa. Kivinjari kikipokea 301 huweza kuitunza, kwa kuwa kimeambiwa ni ya kudumu, na mara nyingine hakiulizi seva tena. Kivinjari changu kilikuwa kikitii amri niliyoitoa mwenyewe wiki tatu nyuma. Nilifuta akiba yake, ukurasa ukafunguka. Lakini wasomaji wangu waaminifu kabisa, wale waliokuwa wakirudi kila wiki kupitia alamisho zao, walikuwa na amri hiyohiyo ndani ya mashine zao, na huko mkono wangu haufiki. Tangu siku hiyo kila uelekezaji mpya naujaribu kwanza kwa 302, nikiridhika ndipo naugeuza kuwa 301.

Nafasi zilirudi taratibu, si zote. Makala ya picha za usiku iko kwenye ukurasa wa kwanza tena, chini kidogo ya ilipokuwa, na 2014/03 yake katikati ya anwani. Juzi fundi mmoja aliyekuja kunisaidia na jambo jingine aliziona tarehe zile akaniuliza kama naomba azisafishe.