Aletta Jacobs na ombi la 1883: aliwaponza wenzake?

Ukitazama tarehe peke yake, ni rahisi kumlaumu Dkt. Aletta Jacobs kwamba aliwachelewesha wanawake wenzake kupata kura. Binti huyu wa daktari wa Kiyahudi wa Sappemeer, mwanamke wa kwanza kuhitimu udaktari Uholanzi (1879), aliomba mwaka 1883 aandikishwe katika daftari la wapiga kura la Amsterdam. Sheria ilimtaka mpiga kura awe Mholanzi mtu mzima anayelipa kodi ya kiwango fulani, naye alikuwa anailipa. Manispaa ikakataa. Mahakama nazo zikakataa, hadi ile ya juu kabisa. Mwaka 1887 katiba ikarekebishwa, na sasa ikatamka wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume.

Lawama hii si ya kupuuza. Mtu anaweza kusema kwamba kabla ya hapo sheria ya kawaida ya bunge ingetosha kuwaingiza wanawake; baada ya hapo ilibidi iguswe katiba yenyewe, bunge livunjwe, uchaguzi ufanyike, kisha zipatikane theluthi mbili za kura bungeni. Kura ya wanawake ilikuja 1919. Miaka 32! Si afadhali angenyamaza?

Angenyamaza kwa faida ya nani? Majaji walikwisha kusoma sheria isiyotaja jinsia, wakamwona humo mwanamume peke yake. Marufuku ilikuwepo, ila haikuwa na maandishi. Ombi lake liliwalazimisha wabunge kuiandika kwa mkono wao, na kilichoandikwa angalau kina pa kufutiwa.

Tena wanaohesabu miaka husahau kliniki. Tangu 1882 alikuwa akiwatibu bure wanawake maskini wa Amsterdam, mara mbili kwa wiki. Waliochoshwa na mimba za kufuatana aliwapa kiwambo cha mpira cha kuzuia mimba, na madaktari wenzake wakamshambulia kwa hilo. Walikuja pia wauzaji wa madukani, wasichana waliougua maradhi ya kike kwa sababu ya kusimama kutwa nzima bila ruhusa ya kukaa. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa kiti, na kiti hakiuzwi kwenye duka la dawa. Kilihitaji sheria, na watunga sheria walichaguliwa na wanaume watupu. Daktari angeandika vyeti hadi wino umwishie, mwenye duka asingelazimika kununua hata benchi moja.